Kumsaidia kijana ambaye kuandika kunamshinda: mwongozo wa mzazi na mwalimu

Mombasa hii kuna vijana wanaoweza kukusimulia mechi ya Bandari pale Mbaraki kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho: nani alikata pasi, nani aliotea, refa alikosea wapi. Mpe kijana huyohuyo karatasi aandike aya moja tu juu ya mechi hiyo. Nusu saa ikipita utakuta tarehe, kichwa cha insha, na mstari mmoja uliofutwa hadi karatasi ikatoboka. Nyumbani ataambiwa mvivu, shuleni ataambiwa hajitahidi, na akifika Gredi ya 8 au Kidato cha Tatu keshaamini yote mawili.

Wengi wao si wavivu hata kidogo. Ubongo wao hufanya kazi kwa namna nyingine. Mwenye disleksia hupata taabu kuunganisha sauti na herufi. Mwenye disgrafia herufi anazijua, ila kuziweka kwenye karatasi ni kibarua. Mwenye dispraksia huona uzito kupanga miondoko ya mwili, ikiwemo ya vidole. Mwenye ADHD, yaani shida ya kutulia na kukaza fikira, wazo humtoroka kabla hajalifikisha kwenye mstari. Mwenye usonji huenda akaandika kurasa tatu juu ya injini za meli, halafu akashindwa na mistari mitano juu ya "Siku Nisiyoisahau". Na mara nyingi hali hizi huja mbilimbili kwa kijana mmoja.

Kuandika ni kazi nyingi zinazofanywa kwa pamoja: kupata wazo, kulishikilia kichwani, kuchagua maneno, kukumbuka tahajia, kuchora herufi, kukumbuka sentensi ilianzaje. Wengi wetu tukifika sekondari mkono na tahajia hujiendea vyenyewe, akili ikabaki huru kuwaza. Kwa vijana hawa kila kimoja bado kinadai akili, na akili ni ileile moja. Msaada wote ninaoueleza hapa umesimama juu ya jambo hilo: zitenganishe kazi hizo, azifanye mojamoja.

Hatua ya 1: Tafuta panapokwama

Kwanza kabisa apimwe macho na masikio. Nimeona vijana waliohangaishwa miaka kwa sababu ubao hawauoni vizuri.

Kisha fanya majaribio manne madogo, ikiwezekana kila moja na siku yake. Mwambie akuhadithie kwa dakika mbili kitu anachokijua sana, na umrekodi kwa simu. Siku nyingine aandike jambo hilohilo kwa dakika kumi. Siku nyingine anakili aya fupi kutoka kitabuni. Mwisho mpe imla: wewe usome sentensi, yeye aandike.

Sasa linganisha. Kama kunakili tu kunamchosha, herufi zinapanda na kushuka na mkono unamuuma, tatizo limekaa mkononi. Kama ananakili vizuri lakini imla inavurugika, tatizo ni tahajia. Kama kunakili na imla zote ni sawa ila akiachiwa aandike mwenyewe karatasi inabaki nyeupe, kinachomshinda ni kuanza na kupanga mawazo. Na kama hata masimulizi ya mdomo hayana kichwa wala miguu, huyo anahitaji kwanza msaada wa lugha yenyewe kutoka kwa mtaalamu wa matamshi na lugha, kalamu itafuata.

Kuna mitego ya hapa kwetu ambayo ni lazima uijue. Wa kwanza ni tofauti ya lugha mbili za shule. Kiswahili huandikwa karibu kama kinavyotamkwa, kwa hiyo kijana mwenye disleksia anaweza kukisoma bila makosa mengi, ila polepole mno. Kiingereza hakina huruma hiyo, na huko ndiko makosa yanakomwagika. Basi mwalimu wa Kiswahili atakwambia mtoto hana neno, wa Kiingereza atakwambia hasomi, na kila mmoja anaona nusu ya kijana mmoja. Pima kasi pia, usihesabu makosa peke yake.

Mtego wa pili ni lahaja. Mtoto aliyelelewa Mji wa Kale au Kuze akiandika "ndia" mahali pa njia, "mato" mahali pa macho, anaandika anachokisikia nyumbani kwao. Hilo si ugonjwa wala ulemavu. Mfundishe umbo la shuleni bila kumdharau kwao. Namna ya kutofautisha ni rahisi: la lahaja hurudi vilevile kila mara. Ukiona neno moja limeandikwa "nija", kisha "njai", kisha "jina" katika ukurasa mmoja, hapo una jambo la kufuatilia.

Na kama anasoma chuoni, yaani madrasa, muulize maalimu wake. Kijana aliyehifadhi sura nyingi kwa sikio lakini akipewa kuandika kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto, anakwama vilevile anavyokwama shuleni, anakuonyesha kwamba taabu yake haitokani na Kiingereza wala na mwalimu fulani. Taarifa hiyo iandike na tarehe, itakufaa mbele ya wataalamu.

Hatua ya 2: Muulize mwenyewe

Kijana wa miaka 15 hataki kusaidiwa kama mtoto wa chekechea. Mketishe faraghani, mbali na wadogo zake, usimshike daftari mkononi kama hakimu. Swali zuri ni lile lenye njia za kujibu: "Babangu, kalamu ikisimama hapa, kinachokushinda ni nini? Ni mkono, ni herufi, ni kujua uanzie wapi, au ni kelele?" Ukimuuliza "mbona huandiki?" atanyamaza, maana hilo ameshaulizwa mara nyingi na kila mara lilikuja na adhabu.

Kijana mmoja wa Kisauni niliyekuwa nikimfundisha aliniambia: "Mwalimu, sentensi ninayo. Nikifika neno la tatu, la nne na la tano yameshakwenda." Wazazi wake walikuwa wamemnunulia vitabu vya sarufi. Sarufi aliijua. Kilichomponyoka ni sentensi yenyewe wakati mkono unahangaika na tahajia.

Na hapa niseme bila kuficha: acheni kuwaandikisha vijana hawa "sitarudia tena" mara mia kama adhabu. Viboko shuleni vimepigwa marufuku Kenya tangu 2001, lakini kuandikisha mistari bado kunaonekana ni adhabu ya upole. Kwa mtoto mwenye disgrafia ni mateso, na kunamfundisha kuichukia kalamu.

Hatua ya 3: Aseme kwanza, aandike baadaye

Kama una nafasi ya kufanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii.

Mpe mada, kisha simu iwekwe mezani inarekodi. Azungumze kama anavyozungumza na rafiki yake, asijali kama ni Kiswahili cha mtaani au sanifu. Usimkatize. Akinyamaza, uliza swali moja fupi: "Halafu?" au "Ulisikia nini?"

Nikupe mfano. Mada ilikuwa kuvuka feri ya Likoni. Alichokuwa ameandika yule kijana kabla ya kurekodi ni hiki:

"Siku moja nilipanda feri. Watu walikuwa wengi. Tulifika. Nilifurahi sana."

Alichosema simuni ni hiki, nimekiacha kama kilivyotoka: "Tuliteremka pale Likoni, king'ora kimeshalia, watu wakaanza kukimbia, mimi nimemshika mdogo wangu mkono. Mbele yangu kuna mama ana beseni la samaki kichwani, kila nikitaka kumpita beseni linayumba. Yale maji ya samaki yakanimwagikia shati la shule, jeupe. Nikasema leo nitanuka darasani mpaka jioni."

Vyote viwili vimetoka kwa mtu mmoja, wiki moja. Hiyo ya pili ndiyo insha yake.

Baada ya kurekodi asikilize sentensi moja, asimamishe, aiandike, kisha aendelee na inayofuata. Anajipa imla mwenyewe kwa sauti yake mwenyewe. Wazo haliwezi kumtoroka kwa sababu limehifadhiwa simuni; akilisahau, anabonyeza tena. Mwanzoni unaweza kumwandikia nusu ya kwanza wewe, aimalizie yeye, na wiki zikipita upunguze sehemu yako mpaka abaki anaandika yote. Baadaye apunguze na kurekodi: aseme sentensi kwa sauti, kisha kwa kunong'ona, kisha kimoyomoyo. Huko kimoyomoyo ndiko tunakokwenda, maana chumba cha mtihani hakina simu.

Wapo watakaosema huu ni udanganyifu, kwamba mtoto hajaandika mwenyewe. Wakumbushe Muyaka bin Haji, malenga wa mji huuhuu aliyefariki mnamo 1840. Mengi ya mashairi yake yametufikia kwa kuwa watu waliyahifadhi vifuani, na Mwalimu Sikujua, msomi wa hapahapa Mombasa, akasaidia kuyakusanya miongo kadhaa baadaye. Hakuna anayesema mashairi hayo si ya Muyaka. Kutunga ni kazi moja, kuandika kwa mkono ni nyingine, na kijana ana haki ya kujifunza ya pili bila kunyimwa ya kwanza.

Hatua ya 4: Vipande kabla ya aya

Kata karatasi vipande vya ukubwa wa kiganja. Kila kipande kibebe wazo moja, kwa maneno matatu au manne tu: "king'ora, watu mbio", "mama wa samaki", "shati jeupe". Picha ndogo ya kuchora pia inakubalika. Avitandaze mezani, avihamishe mpaka apende mpangilio, kisha avipe namba. Kufuta na kuandika upya kunamuumiza. Kusogeza kipande hakumgharimu kitu.

Mwenye ADHD atapanga haraka halafu asianze. Kwake punguza mlango wa kuingilia: "Andika kipande namba 3 pekee, dakika kumi, kisha uinuke unywe maji." Hakuna sheria inayosema insha ianzwe kwa utangulizi. Aanze na sehemu inayomchangamsha, utangulizi aufanye mwisho.

Mwenye usonji shida yake mara nyingi ni swali lenyewe kuwa pana mno. "Eleza umuhimu wa urafiki" halimwambii aandike nini. Ligawe: taja rafiki mmoja, sema mlikutana wapi, eleza jambo moja alilokufanyia, jambo hilo lilibadilisha nini. Methali nazo zinahitaji uangalifu, kwa sababu anaweza kuishika maana ya juu tu; mpe kwanza kisa, ndipo umwonyeshe jinsi kinavyolingana na methali. Na kama kinachomvutia ni meli, basi barua rasmi, ripoti na mahojiano yote yahusu bandari ya Kilindini kwa muda wa mwezi mzima. Anajifunza umbo la barua, na umbo hilo litamfaa kwa mada yoyote baadaye.

Hatua ya 5: Jenga sentensi

Mwanzo wa sentensi mmoja, viunganishi vitatu. "Feri ilichelewa kwa sababu..." "Feri ilichelewa lakini..." "Feri ilichelewa, kwa hivyo..." Amalizie zote tatu kwa mdomo, kisha aandike mbili. Akizoea, ongeza "ijapokuwa" na "ndipo". Siku nyingine mpe sentensi fupi mbili aziunganishe ziwe moja. Dakika tano kila siku zinatosha, na zina faida kuliko saa moja ya Jumamosi.

Hatua ya 6: Mkono, jasho na kibodi

Joto la hapa ni sehemu ya tatizo, hasa miezi ya kaskazi, Januari hadi Machi. Kiganja kinatoka jasho, kalamu inateleza, karatasi inanata mkononi na wino unapakazika. Awe na kitambaa kidogo mezani na karatasi ya ziada ya kuweka chini ya mkono. Ajaribu kalamu za unene mbalimbali. Nyingine huhitaji nguvu ndogo kuliko nyingine, na anayeandika kwa kukandamiza huchoka upesi. Daftari lenye mistari mipana humsaidia kuziweka herufi mahali pake. Aandike asubuhi mapema au jioni upepo ukivuma, usingojee mchana wa saa nane.

Kama mkono unauma au herufi hazisomeki kabisa, kuna wataalamu wa tiba wanaoshughulika na kazi za vidole na mkono. Hospitali kuu ya Pwani, hapo Makadara, ni mahali pa kuulizia.

Kibodi humkomboa kijana mwenye disgrafia, lakini sharti ajifunze kuitumia. Akitafuta kila herufi kwa kidole kimoja umemwongezea kazi. Robo saa kila siku kwa miezi michache, vidole vyote, ndipo aanze kuandikia insha. Kwenye simu zima masahihisho ya kujiendesha ya Kiingereza, kwa sababu yanageuza maneno ya Kiswahili kuwa vioja, na kijana mwenye disleksia hataona yamegeuka. Kuandika kwa sauti kwa Kiswahili kunapatikana kwenye kibodi ya Google; azungumze sanifu na taratibu, kisha mtu amsomee kilichoandikwa.

Hatua ya 7: Sahihisha machache

Ukurasa uliojaa wino mwekundu haumfundishi mtu kitu. Chagua makosa ya aina mbili tu kwa insha moja, mengine yaache. Anza na maoni juu ya alichosema: "Hapa pa shati jeupe nimekuona." Halafu makosa mawili.

Kwa maneno marefu ya Kiswahili, ambako vijana hawa huruka silabi, mfundishe kulikata neno kwa maana yake: wa-li-po-ku-on-a. Nani? Lini? Nani kaonwa? Kila kipande kina kazi, na akijua kazi yake hatakiacha. Herufi zinazoshikana, mb, nd, nj, ng', zifanyiwe mazoezi mbalimbali kwa siku tofauti. Awe na daftari dogo la maneno yake yanayomsumbua, yasizidi kumi kwa wakati mmoja. Na asome insha yake kwa sauti kutoka sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza. Akili haitabahatisha, macho yataona kilichoandikwa kweli.

Hatua ya 8: Shule, tathmini na mtihani

Hapa wazazi wengi huchelewa, na kuchelewa kunamgharimu mtoto. Kenya ina vituo vya serikali vya tathmini na nyenzo za elimu, vinavyojulikana kama EARC, tangu 1984, na Kaunti ya Mombasa inavyo. Muulize mwalimu mkuu au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako, iwe Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe au Jomvu. Nenda na madaftari ya zamani, rekodi za sauti, na yale majaribio manne ya hatua ya kwanza yenye tarehe. Katiba ya 2010, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata elimu katika taasisi zilizounganishwa na jamii. Hujaenda kuomba hisani.

Baraza la Mitihani, KNEC, huruhusu mipango maalumu kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ikiwemo muda wa ziada. Maombi hupitia shuleni na huhitaji ripoti ya tathmini, kwa hiyo ripoti iwe tayari kabla ya usajili. Anza angalau mwaka mmoja mapema, kwa wa Gredi ya 9 na kwa wale wa mwisho wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, vilevile.

Karatasi ya kwanza ya Kiswahili ya KCSE hudai insha mbili kwa saa 1 na dakika 45: swali la kwanza ni la lazima, kisha achague moja kati ya matatu. Afanye mazoezi ya mgawanyo huu mpaka auzoee: dakika 10 za kupanga, 35 za kuandika, 7 za kusoma kwa kurudi nyuma, halafu aanze ya pili vivyo hivyo. Vipande vya karatasi havitaruhusiwa, kwa hiyo ajifunze kuvichora kama visanduku vyenye namba kwenye ukurasa wa rasimu.

Barua kwa mwalimu mkuu iwe fupi na iombe mambo yanayotekelezeka. Kwa mfano:

"Mwalimu Mkuu, shikamoo. Mwanangu wa Gredi ya 8 amefanyiwa tathmini, na ripoti nimeiambatisha. Naomba mambo matatu. Apewe muda wa ziada katika mitihani ya ndani. Apewe nakala ya maandishi ya ubaoni badala ya kunakili yote. Katika masomo yasiyo ya lugha, asikatwe alama kwa tahajia pale jibu linapoeleweka. Naomba tukutane pamoja na mwalimu wake wa darasa kabla ya likizo fupi ya katikati ya muhula."

Ipeleke mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri wa shule wenye tarehe. Mwalimu mpya akija mwaka ujao, mpe nakala wiki ya kwanza ya muhula, kabla hajamsahihishia kijana insha ya kwanza.